Sauti Nilizoziazima Hounslow

Mjomba wangu alisema sitafika hata Dar es Salaam. Mwenye nyumba wangu wa Edmonton, London, alisema sitamaliza kozi, kwa sababu wapangaji wake wote wenye rangi yangu walianza kozi na wakaishia ghalani. Mwalimu wa chuo, mama mmoja mpole aliyezoea kutabasamu kabla ya kukuambia jambo baya, alisema lafudhi yangu haitanipa kazi ya sauti, labda nijaribu kupanga mafaili. Na shemeji yangu, ambaye hadi leo hajavuka mpaka wa mkoa, alisema mbele ya watu kwenye harusi ya mdogo wangu: "Huyu kazi yake kupiga kelele juu ya filamu za wenzake. Huko Ulaya nani ananunua kelele?"

Diploma yangu ya kutafsiri na kutia sauti filamu imetundikwa sebuleni hapa Tanga, ndani ya kioo, mkabala na mlango, ili mgeni asipate taabu ya kuitafuta. Shemeji akija nampa kiti kinachoitazama.

Nimestaafu na nimerudi nyumbani. Vijana mnaoingia sasa katika kazi hii mmeniomba niwaandikie jinsi ilivyokuwa. Vyeo na mshahara sitavisema. Vyeo vilivyokuwepo nilivipata, na mshahara mtauona mkipita barabarani mkatazama paa la nyumba yangu. Nitasema kazi.

Nilianzia kwenye banda la video la Ngamiani, hapa Tanga. Filamu inaonyeshwa, sauti yake inapunguzwa, na mimi nimekaa pembeni na maiki nawasemea wote: mwema na mbaya, mke na mume, mbwa pia ikibidi. Watazamaji wa Ngamiani walikuwa na sharti lao. Mwanzoni kabisa lazima uwaambie steringi, yaani shujaa wa filamu, ni nani, ili wajue roho zao waziweke wapi. Na steringi hafi. Ukiwatajia steringi halafu akafa, jiandae kurudisha viingilio.

Pale ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna chuo kilichonifundisha. Asiyejua kazi hubuni sauti. Sauti ya kubuni huchoka kabla filamu haijafika katikati, na mhusika aliyeanza kama jambazi anamaliza kama karani. Mimi nilikuwa naazima. Jambazi nampa sauti ya fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mama mkwe nampa sauti ya mama mkwe. Sauti ya kuazima ina mtu ndani yake, hivyo hata ukichoka wewe, mwenyewe hachoki. Watu walisema nina kipaji. Sikuwabishia, lakini kipaji bila utaratibu ni kelele tu, na hapo shemeji angekuwa amesema kweli.

London nilianza kwa kupakia viatu katika ghala moja la Edmonton. Chuo nilisoma jioni, nikiwa na vumbi la makaratasi ya maboksi kwenye nywele. Wenzangu darasani walikuwa watoto wa watu, walikuja na kahawa mkononi. Mtihani wa mwisho nilikuwa wa kwanza. Yule mwalimu mpole alinipa mkono na kusema ameshangaa. Nilimwambia mimi sikushangaa.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa Hounslow, chini ya njia ya ndege, katika jengo ambalo madirisha yake yalitetemeka mchana kutwa. Ilitengeneza filamu za kuonyeshwa ndani ya ndege. Wengi hawajui kwamba filamu unayoiona angani si ile iliyo sinema. Inapunguzwa. Damu inatolewa, ajali za ndege zinatolewa, chochote cha kumtia abiria kiwewe kinatolewa. Halafu inatiwa sauti kwa lugha ya abiria. Kila lugha ilikuwa na meza yake. Meza ya Kiswahili ilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na jokofu, na ilikuwa na mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Bi Zuhura, Mpemba, aliyeletwa London na mama yake angali msichana. Amekuwa mpiga chapa, amekuwa mkalimani wa mahospitalini, na sasa ndiye mhariri wa Kiswahili na sauti zote za kike. Siku ya kwanza nilivaa suti na shati jipya lililopigwa wanga.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Ndo wewe Diploma?"

"Naitwa Salimu Mhina."

"Nimeuliza kama ndo wewe. Ingia kibandani, hebu soma ukurasa huo."

Niliingia kibanda cha kurekodia, nikasoma kwa sauti ya Ngamiani, ile iliyokuwa ikisikika hadi sokoni. Alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu kama kitu kilichoungua.

"Mwanangu, abiria kakaa hapa, masikioni mwako. Wamwitia nini kama yuko Ushelisheli? Na shati hilo ukalivue. Lalia kuliko wewe."

Kweli, maiki ilikuwa imenasa wanga wa shati kila nilipovuta pumzi. Tangu siku hiyo nilifanya kazi na fulana zilizochakaa. Andikeni hilo. Andikeni pia kwamba maziwa hayanywewi kabla ya kurekodi, karanga haziliwi, na mdomo ukianza kutoa milio ya mate tafuna kipande cha tofaa la kijani. Ukurasa ugeuzeni mkiwa mmebana pumzi. Na la muhimu kuliko yote: injini ya ndege inanguruma kwa sauti nzito, kwa hiyo inameza sauti nzito. Ukinguruma wewe, abiria anasikia injini mbili. Inayopenya ni sauti ya chini iliyo safi, yenye herufi zake zote. Mimi niliyekuwa simba wa Ngamiani ilinibidi nijifunze kunong'ona kama mtu wa benki. Nilijifunza haraka.

Nilipomweleza habari ya kuazima sauti, Bi Zuhura hakucheka kama nilivyotarajia.

"Na mwenyewe umemwomba?"

"Namwomba nini? Sijamchukulia kitu. Bado anaongea."

"Umetumia kitu cha mtu. Ukimaliza mrejeshee. Aje asikilize yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha akuhalalishie, nawe umhalalishie. Asipotaka, waifuta."

Niliona ni mambo ya kizee. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, na alinipa utaratibu, basi nikaufuata. Bwana Anwar, mwenye bucha mtaa wa Tooting, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alikuja siku yake ya mapumziko kusikiliza sauti yake ikiuza farasi wagonjwa katika filamu moja. Alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni.

"Salimu bhai, mimi naongea pole pole hivi? Kama napima nyama?"

"Ndivyo unavyoongea."

"Sawa, mzuri tu. Nimekuhalalishia."

"Nami nimekuhalalishia."

Ndivyo inavyotakiwa. Mmoja akisema, mwenzake anajibu, mnapeana mikono, mambo yamekwisha. Kwa miaka yangu yote Hounslow hakuna sauti niliyoitumia bila kumtafuta mwenyewe anipe ruhusa, isipokuwa moja, na hiyo ndiyo iliyoniketisha niandike.

Mambo yalibadilika alipokuja meneja mpya aliyeitwa Gareth. Huyu alipenda kusema kila lugha lazima ibebe uzito wake. Siku moja alituita mimi na Bi Zuhura. Shirika moja la ndege, alisema, linataka filamu za zamani kwa Kiswahili, na limechagua ya kuanzia: filamu ya rangi nyeusi na nyeupe juu ya makachero wa serikali kuu ya Marekani wanaolisaka genge la majambazi wauaji. Ikipita kwenye majaribio, meza ya Kiswahili inabaki. Isipopita, meza inaondolewa, na sisi juu yake.

"Majaribio yenyewe yakoje?" nilimuuliza.

"Watazamaji wanaosema lugha yenu, chumbani hapa, viti vya ndege, hedifoni za ndege. Akiondoka hata mmoja kabla ya mwisho, imeshindwa."

"Kwa nini hata mmoja?"

"Kwa sababu angani hawezi kutoka," alisema Gareth, na kwa mara hiyo moja alikuwa na akili.

Bi Zuhura alikuwa amebakisha kidogo afikie pensheni yake. Alipofika mezani alisema, "Wakiniondoa sasa, nani ataniajiri na magoti haya?" Kisha akafungua tafsiri ambayo Gareth alikuwa ameinunua nje kwa bei rahisi.

"Mawakala wa Shirikisho," alisoma. "Mawakala wa nini, wa bima?" Akachukua penseli, na tukaanza upya.

Filamu yenyewe ilikuwa ngumu. Genge liliongozwa na kinyozi wa zamani aliyeua watu kwa utulivu kama anavyonyoa. Lakini mauaji yote yalikuwa yamekatwa kwa ajili ya abiria. Mtu anaingia benki na bastola, mara unaona watu wanavua kofia makaburini. Kilichobaki cha kumtisha msikilizaji kilikuwa sauti tu. Kinyozi nilimpa sauti ya Bwana Anwar, ile ya kupima nyama, na ilimkaa kama ngozi. Kachero mkuu, kwa kuwa yeye ndiye steringi, nilimpa sauti ya steringi: kifua mbele, maneno yanapiga ukuta.

Tulifika kwenye tukio la jikoni. Dada wa kinyozi anaosha vyombo. Kachero anaingia, anaweka kofia gotini, anasifia mapazia, anakubali kahawa. Anataka kujua kaka yuko wapi. Nilimsemesha kwa ukali, kama kachero. Bi Zuhura alisimamisha.

"Siyo hivo."

"Huyu ni askari, Bi Zuhura. Anamtafuta muuaji."

"Nakwambia siyo hivo. Wa kelele ni yule anaesimama nje kwenye gari. Anaeingia ndani hana kelele."

"Ana nini?"

Aliweka penseli chini. Halafu alisafisha koo mara mbili, kidogo, kama mtu anayebisha hodi, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume kijana, laini, yenye adabu, kila herufi mahali pake. "Bibi, Khamis Juma Faki yupo? Tunamwazima kidogo tu. Tutamrudisha."

Nilihisi baridi kwenye kibanda ambacho kila siku tulilalamikia joto lake.

"Hiyo ni sauti ya nani?"

"Ya mtu alokuja kwetu."

"Kufanya nini?"

"Kumwazima baba."

"Akamrudisha?"

Alinitazama. "Diploma, wafikiri ningekuwa Hounslow?"

Alinieleza kidogo, na nitawaeleza kidogo. Alikuwa msichana, nyuma ya pazia. Uso wa yule mtu hakuuona. Aliona viatu, na vilikuwa safi. Mama yake aliwakaribisha kahawa, yeye na wenzake. Baba alitoka nao akiwa amevaa kandambili, kwa vile ilikuwa kidogo tu. Sauti ile ilibaki masikioni mwa Bi Zuhura hadi nywele zikawa nyeupe.

"Ichukue," alisema. "Nimeibeba peke yangu vya kutosha."

Niliichukua. Sitajifanya mnyenyekevu: hakuna mtia sauti mwingine wa Kiswahili, Ulaya wala nyumbani, ambaye angeweza kuichukua vile. Nilisafisha koo mara mbili, nikasema kwa dada wa kinyozi, "Bibi, kaka yako yupo? Tunamwazima kidogo tu. Tutamrudisha." Nilirekodi mara moja tu, bila kurudia. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa sauti ya dada, na dada yule, kwa kulainika na adabu za mgeni, anasema kaka amejificha kwenye kiwanda cha barafu. Aliusoma mstari huo, akatoka kibandani kwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Kazi ilipokamilika niliuliza habari ya ruhusa. Bwana Anwar alikuwa ameshakuja, akafurahi kuwa jambazi. "Kachero je?" nilimuuliza Bi Zuhura. "Mwenyewe tutampata wapi?"

"Huyo mwache. Sitaki ruhusa yake."

Ni yeye aliyenifundisha utaratibu, na ni yeye aliyeuvunja. Sikupenda, lakini nilinyamaza.

Watazamaji wa majaribio aliwatafuta Bi Zuhura mwenyewe, kwa kupitisha habari misikitini, kanisani kwa Wakenya na kwenye vikundi vya simu. Walikuja manesi wa Kikenya waliotoka zamu, mke na mume Wakongo, na wazee wachache wa visiwani. Mmoja wa hao wazee aliitwa Mzee Makame. Alikaa Southall kwa mpwa wake, na hakuna aliyemfahamu sana. Alikuwa mtu wa kufika msibani, kukaa karibu na mlango, na kuondoka kabla ya chakula. Alikuja amevaa tai. Alinisalimu kwa kuinamisha kichwa tu, akachagua kiti cha pembeni.

Gareth alikaa nyuma. Mimi na Bi Zuhura tulisimama karibu na mlango. Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Kinyozi aliposema na mteja wake wa kwanza, nesi mmoja alikunja miguu juu ya kiti. "Aki huyu ataua mtu," alimwambia jirani yake, akisahau kwamba amevaa hedifoni na sote tunamsikia.

Likaja la jikoni. Niliona kachero anaweka kofia gotini. Sisi hatukuwa na hedifoni, lakini mimi maneno nilikuwa nayajua. Nilimwona Mzee Makame akiinua kichwa. Alivua hedifoni, akazitazama kama anayetafuta mtu ndani yake, akaziweka juu ya kiti. Akasimama. Akatupita, akatoka.

Gareth aliinua mkono kutoka nyuma.

"Amekwenda chooni," nilimwambia.

"Chooni sawa," alisema. "Akirudi."

Tulimkuta kwenye korido, karibu na mashine ya vinywaji, mkono mmoja ukutani.

"Mzee, unaumwa?" nilimuuliza. "Nikuletee maji?"

Alisafisha koo. Mara mbili, kidogo.

"Nani kakufunzeni maneno yale?" alisema. Sauti ilikuwa imezeeka na imepungua upepo, lakini kila herufi ilikuwa mahali pake.

Mimi nimefanya kazi ya masikio maisha yangu yote. Nilijua kabla sijamgeukia Bi Zuhura. Yeye alikuwa ameshika mashine ya vinywaji, na alikuwa anatazama viatu vya yule mzee.

"Maneno gani?" alimuuliza.

"Ya kuazima."

"Ulikuwa ukifanya kazi gani kule kwetu?"

"Serikalini."

"Serikalini wapi?"

"Nilikuwa natumwa, bibi. Mpaka mwisho wakanigeukia na mie, ndo nikakimbia. Mie pia nimekimbia."

"Nyumba ya Khamis Juma Faki," alisema Bi Zuhura. "Ya kona, mlango wa buluu, nyuma ya soko la samaki. Mama alikupa kahawa."

Mzee Makame alifumba macho. Naapa alijaribu. Alitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, anapapasa huku, anapapasa kule. Tulimsubiri. Kwenye chumba nyuma yetu filamu ilikuwa inaendelea bila yeye.

"Nyumba zilikuwa nyingi," alisema mwishowe. "Kahawa walitupa wote."

Ningekuwa mimi, ningempiga. Bi Zuhura aliachia mashine, akanyoosha mtandio wake.

"Filamu haijesha," alisema. "Rudi ukae."

"Siwezi, bibi."

"Usiporudi, sisi wawili hatuna kazi. Yule Mzungu ataiondoa meza yetu leo hii. Rudi, vaa hedifoni, usikilize mpaka mwisho."

"Mie mtu mzima. Moyo wangu..."

"Na mie mtu mzima. Rudi ndani."

Alirudi. Alikwenda mbele yetu kwa hatua ndogo, akakaa, akavaa hedifoni. Kachero yule anaongea hadi mwisho wa filamu. Anaongea kwa simu, anaongea na mama wa jambazi, anaongea mlangoni mwa kiwanda cha barafu, daima kwa adabu, daima anaahidi kwamba hakuna atakayedhurika. Nilimtazama Mzee Makame shingoni. Mikono aliiweka magotini na hakuitoa. Hata mara moja hakujikuna.

Taa zilipowashwa Gareth alihesabu vichwa, akatuonyesha dole gumba. Nesi yule alikuwa bado amekaa.

"Huyo kachero ni mpole hadi anaogofya," alisema. "Mimi angeniuliza ningemwambia yote, hadi namba ya siri ya benki ya mamangu."

Wakacheka. Shirika la ndege lilichukua filamu, kisha likachukua nyingine. Gareth alipewa sahani ya kioo yenye jina lake, akaiweka ofisini, na siku zote alipokuja mgeni alimwambia yeye ndiye aliyeona kwamba Kiswahili kina soko. Meza yetu ilibaki. Bi Zuhura alifika kwenye pensheni yake, nami nilikaa pale hadi nilipostaafu. Nasikia baada yangu wameweka mtambo wa kahawa mahali pangu. Lakini nataka mjue tulibakije. Kazi yetu bora kuliko zote karibu ituue kwa sababu ilikuwa bora, na aliyetuokoa ni mtu yule, kwa kukaa tu kwenye kiti. Mkate nilioula miaka ile yote ulipitia mkononi mwake. Bi Zuhura pia aliula. Hatukuwahi kulizungumza, si mezani, si hata siku ya kumuaga.

Siku ile ya majaribio, watu walipokuwa wanavaa makoti, Mzee Makame alitujia. Alisimama mbali kidogo, kama anavyosimama msibani. Nilikumbuka kwamba wote niliowaazima sauti katika filamu ile walikuwa wameshasikiliza na kunihalalishia, ila mmoja.

Alisafisha koo. "Kama ni sauti yangu mloitumia," alisema, "nimesikiliza yote. Nimekuhalalishieni."

Nilimjibu, kwa kuwa ndio utaratibu, na kwa kuwa ile ilikuwa sauti pekee ya filamu ile iliyobaki bila ruhusa: "Nami nimekuhalalishia." Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

Kisha akamgeukia Bi Zuhura, akangoja. Hakuomba. Alisimama tu, tai imenyooka, anamtazama usoni, anangoja ajibiwe kama nilivyomjibu mimi. Manesi walitupita wakicheka. Gareth alizima taa za mbele.

Bi Zuhura alikuwa anakunja nyaya za hedifoni, moja baada ya moja, na kuziweka kisandukuni. Alimaliza, akafunga kifuniko.

"Basi la Southall halisimami upande huu," alimwambia. "Vuka barabara."